Kanda ipi, mkono wa nani? Kuelewa matoleo ya marudio ya jazz na roki

Kwa miaka 33, kila aliyenunua albamu ya jazz Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis alisikiliza upande wa kwanza ukienda kasi kuliko ulivyopigwa. Nyimbo tatu za upande huo zilirekodiwa tarehe 2 Machi 1959 katika studio ya Columbia ya Barabara ya 30 jijini New York, jengo lililowahi kuwa kanisa. Siku hiyo mashine iliyonasa kanda kuu ilizunguka polepole kidogo kuliko ilivyotakiwa. Kanda iliyonaswa polepole ikichezwa kwa mwendo wa kawaida hukimbia, na sauti zote hupanda. Kupanda kwenyewe hakukufika hata nusu toni, kwa hiyo msikilizaji wa kawaida hakushtuka. Aliyepata taabu ni mwanamuziki aliyejifunza kwa kufuatisha santuri: akisha kulinganisha chombo chake vizuri, bado kilikataa kukubaliana na cha Miles. Mwaka 1992, albamu ilipokuwa ikiandaliwa upya, mafundi waliifungua kanda ya akiba iliyonaswa siku ileile na mashine ya pili isiyo na hitilafu. Kasi ikarudi mahali pake.

Mashabiki wanabishana kuhusu kisa hiki mpaka leo. Wapo wanaosema toleo la kweli ni la 1959, kwa sababu ndilo dunia ililolisikia na ndilo lililobadilisha muziki. Wengine wanasema la kweli ni kile kilichopigwa chumbani. Mimi niko na hawa wa pili bila kusita. Walichofanya Miles na wenzake chumbani humo, John Coltrane, Cannonball Adderley na Bill Evans, ndicho muziki. Uzembe wa mota moja haustahili kuheshimiwa kama sanaa. Hata hivyo nawashukuru wa kundi la kwanza, kwa kuwa ubishi wao ndio unaotulazimisha kujua albamu imefikaje mikononi mwetu.

Anayetaka kununua albamu ya zamani leo hukutana na matoleo chungu nzima: ya miaka ileile, ya Japani, ya CD za miaka ya 1980, ya santuri nzito za gramu 180, ya kasha lenye kitabu cha picha. Bei zinapishana vibaya mno, na kila kibandiko kinaahidi sauti ambayo haijawahi kusikika. Mwaka ulioandikwa nyuma ya jalada hausaidii sana. Wakusanyaji wazoefu huanza na maswali mawili: sauti hii imetolewa kwenye kanda ipi, na ni mikono ya nani iliyoigusa njiani?

Kutoka studioni hadi kwenye mfereji wa santuri

Tuifuate sauti hatua kwa hatua. Katika roki ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea, vyombo vilinaswa kwenye kanda pana yenye njia nyingi, nane, kisha 16, kisha 24: dramu kwenye njia zake, besi kwenye yake, mwimbaji kwenye yake. Baadaye fundi mitambo na prodyuza walizichanganya njia hizo, wakaamua gitaa lisikike kiasi gani na mwimbaji asimame kushoto au katikati, wakapata kanda ya njia mbili. Hiyo ndiyo kanda mama. Jazz nyingi ya miaka ya 1950 haikupitia mzunguko huo. Kundi lilipiga pamoja na mchanganyo ukafanyika palepale, moja kwa moja kwenye kanda ya njia moja au mbili.

Kutoka kanda mama inakuja masteringi. Fundi mwingine, mara nyingi katika jengo jingine, husawazisha besi na sauti nyembamba, hupanga ukubwa wa sauti, kisha, kama ni santuri, huchonga mfereji kwenye sahani ya alumini iliyopakwa laka. Laka hiyo hupakwa nikeli kupata kalibu, na kalibu ndizo zinazokandamiza plastiki kiwandani. Kila hatua inaweza kuongeza uzuri au kuharibu.

Hapo ndipo tofauti kubwa inapoonekana. Toleo lililofanyiwa masteringi upya linatumia mchanganyo uleule wa zamani; kinachobadilika ni usawazishaji na uchongaji. Toleo lililochanganywa upya limerudi nyuma zaidi, kwenye kanda ya njia nyingi, na mtu wa leo ameamua upya nani asikike na wapi. La kwanza ni kuisafisha picha, la pili ni kuipiga tena ukiwa na watu walewale. Kampuni nyingi huandika mambo haya kwa herufi ndogo, na mnunuzi hugundua akiwa ameshafika nyumbani.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi kabisa kwenye jalada: nakala. Santuri ilipotolewa Uingereza na Marekani kwa pamoja, kanda mama ilibaki nchi moja na nchi nyingine ikatumiwa nakala. Kanda ya sumaku ikinakiliwa huongeza mvumo na kupoteza ukali wa mwanzo wa kila noti. Nakala ya nakala hupoteza zaidi. Ndiyo sababu mkusanyaji wa roki ya Kiingereza hutafuta toleo la Uingereza, na wa jazz ya New York hutafuta la Marekani.

Blue Note na maandishi ya pembeni ya lebo

Hakuna kampuni inayoonyesha mambo haya vizuri kuliko Blue Note, iliyoanzishwa New York mwaka 1939 na Alfred Lion, mhamiaji kutoka Ujerumani. Rafiki yake Francis Wolff alijiunga naye na kupiga zile picha nyeusi na nyeupe ambazo hadi leo ndizo watu wanazoziona vichwani wakifikiria jazz. Sauti ilikuwa ya Rudy Van Gelder. Alianza kurekodi katika sebule ya nyumba ya wazazi wake Hackensack, New Jersey, na mwaka 1959 akahamia studio aliyoijenga Englewood Cliffs. Van Gelder alirekodi, na mara nyingi akachonga laka mwenyewe. Alipomaliza aliacha alama yake, RVG au VAN GELDER, kwenye ile sehemu laini kati ya wimbo wa mwisho na lebo.

Sehemu hiyo ndogo ndiyo hati ya kuzaliwa ya santuri. Wanaokusanya Blue Note huiinamia wakiwa na tochi. Wanatafuta jina la Van Gelder, na wanatafuta alama inayofanana na sikio, ambayo kwa kweli ni herufi P ya kiwanda cha Plastylite kilichokandamiza santuri za kampuni hiyo hadi 1966. Kisha wanasoma anwani kwenye lebo: 767 Lexington Avenue ni ya zamani kuliko 47 West 63rd. Kampuni iliuzwa kwa Liberty mwaka 1965, na anwani, kiwanda na ubora vikabadilika baada ya hapo. Nakala ya kwanza iliyo safi ya albamu ya mpiga saksafoni Hank Mobley au mpiga tarumbeta Lee Morgan inaweza kuuzwa kwa maelfu ya dola.

Je, ile ya bei hiyo ndiyo yenye sauti bora? Hapa wengi hukasirika, lakini lazima isemwe. Van Gelder alichonga kwa ajili ya vinanda vya santuri vya wakati wake, vingi vikiwa vya bei nafuu vyenye sindano nzito. Besi nzito hupanua mfereji na kuirusha sindano, kwa hiyo aliipunguza, akaibana sauti kidogo na kuisukuma juu ili ishinde mkwaruzo. Matokeo yana nguvu ya ajabu. Tarumbeta linakujia usoni. Lakini si yote yaliyoko kwenye kanda.

Mwaka 2019 Blue Note yenyewe, chini ya rais wake Don Was, ilianzisha mfululizo uitwao Tone Poet. Msimamizi ni Joe Harley, mchongaji ni Kevin Gray, na kanda mama hupita kwenye mashine za analogi tu hadi kwenye laka, bila kompyuta njiani. Hapo unasikia besi ya Paul Chambers ikiwa na mbao na nyuzi, na piano ambayo Van Gelder aliikaba kidogo inapata pumzi. Wanaopenda nakala za kwanza wanasema ukali umepungua, na ni kweli umepungua. Kwangu hiyo ni bei halali. Tena toleo la mfululizo huu linanunuliwa kwa makumi ya dola, si kwa mshahara wa miezi kadhaa, na muziki huu ulitengenezwa usikilizwe.

Jambo la kushangaza ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 Van Gelder mwenyewe alirudia masteringi ya kazi zake kwa ajili ya CD. Wengi walidhani mzozo umeisha: nani angejua zaidi kuliko yeye? CD zile zikatoka zikiwa na sauti kubwa na zimeelekea katikati, na mashabiki wakagawanyika upya. Aliyerekodi mwaka 1958 na aliyesikiliza kanda ileile miaka 40 baadaye walikuwa na masikio tofauti, ingawa jina ni moja.

Roki: sauti kubwa na tamaa ya kurekebisha

Upande wa roki, hadithi inayopendwa zaidi ni ya Led Zeppelin II ya mwaka 1969. Fundi kijana, Robert Ludwig, aliichonga kwa sauti kubwa na besi iliyoshiba kiasi kwamba sindano za vinanda vya bei nafuu ziliruka. Kampuni ikaagiza ichongwe upya kwa upole. Nakala za mwanzo zenye herufi RL zikabaki chache, na leo zinawindwa kwa fedha nyingi. Hapa ubishi ni mdogo: anayezisikia kwenye mtambo mzuri huelewa mara moja.

Miaka ya CD ilileta ugonjwa wa kinyume chake. Sauti ya dijitali ina dari ambayo haiwezi kuvukwa. Ukitaka CD yako isikike kubwa kuliko ya jirani, unabana sehemu za juu na kuinua za chini mpaka zote zikaribie dari. Wimbo unapoteza mahali pa kupanda. Dramu haligongi tena, linanung'unika ndani ya ukuta. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 albamu nyingi za zamani zilirudishwa sokoni zikiwa zimetendewa hivyo na kuuzwa kama zilizoboreshwa. Ndiyo maana utawakuta wakusanyaji wakitafuta CD za kawaida za miaka ya 1980 zisizo na mbwembwe yoyote kwenye jalada. Si ushamba, wanatafuta nafasi ya kupumua ndani ya wimbo.

Raw Power ya kundi la The Stooges ni mfano ulio wazi. Albamu ya mwaka 1973 ilichanganywa kwa sehemu kubwa na David Bowie, na kwa miaka watu walilalamika kuwa ni nyembamba. Mwaka 1997 mwimbaji wa kundi, Iggy Pop, aliichanganya upya mwenyewe, akasukuma kila kitu hadi kwenye dari, na toleo hilo likawa miongoni mwa CD zenye sauti kubwa kupindukia zilizowahi kutolewa. Walewale waliolalamika wakaanza kuukumbuka mchanganyo wa Bowie, na mwaka 2010 kampuni ikaurudisha. Nadhani matoleo yote mawili yanastahili kuwepo. Kosa linatokea pale jipya linapolifukuza la zamani dukani.

The Beatles wana tatizo lao. Mwaka 1967 mono, sauti ya njia moja, ndiyo iliyokuwa na uzito Uingereza. Albamu yao Sgt. Pepper ilichanganywa kwa mono kwa uangalifu mkubwa huku wanamuziki wakishiriki. Stirio, yaani ya njia mbili, kushoto na kulia, ikafanywa baadaye, upesi, bila wao. Tofauti zinasikika waziwazi: She's Leaving Home kwenye mono ni ya kasi zaidi na iko juu zaidi. Lakini stirio ndiyo iliyotawala maduka kwa miongo, vizazi vizima vikakua na mchanganyo ambao kundi lenyewe halikuushughulikia. Mwaka 2014 santuri za mono zilichongwa upya kutoka kanda za analogi, na ukitaka kusikia walichokusudia, anzia hapo. Mwaka 2017 Giles Martin, mwana wa prodyuza wao, aliichanganya Sgt. Pepper upya kwa stirio huku mono ikiwa kiongozi wake. Hiyo ni njia ya adabu ya kufanya kazi hii: unarudi kwenye kanda za njia nyingi, lakini unaongozwa na uamuzi wa wenyewe.

Sakata la 2022

Kwa wanaothamini analogi, neno la kanda mama ni kama kiapo. Kampuni ya Mobile Fidelity ya California, iliyoanzishwa mwaka 1977, ilijijengea jina juu ya kiapo hicho. Julai 2022 mwenye duka la santuri mjini Phoenix alitangaza kuwa ana habari kwamba santuri za kampuni hiyo zinapitia hatua ya dijitali. Mafundi wa kampuni walikubali: tangu mwaka 2011 kanda nyingi zilikuwa zikinakiliwa kwanza kwenye faili la dijitali la kiwango cha juu sana, na laka ikachongwa kutoka kwenye faili hilo. Sababu ya kiufundi ilieleweka, kwani wenye kanda mama hawataki zichezwe tena na tena, na kampuni ilikuwa inapanga nakala 40,000 za Thriller ya Michael Jackson kwa dola 125 kila moja. Njia ya uchongaji waliyotumia ingehitaji laka nyingi, na kila laka ingehitaji kanda ichezwe upya.

Wateja walifungua kesi, na ikaishia kwenye makubaliano ya kurudishiwa fedha. Kilichowauma wengi zaidi hakikuwa fedha. Kwa miaka 11 watu walizisifu santuri hizo kama ushahidi kwamba analogi haina mpinzani, na hakuna sikio lililotambua. Mimi naona mambo mawili yako wazi. Hatua ya dijitali iliyofanywa kwa uangalifu haiharibu muziki kama tulivyoambiana. Na kampuni inayouza ukweli wa asili haina ruhusa ya kunyamaza kuhusu asili hiyo. Tangu sakata hilo kampuni nyingi zimeanza kuchapisha njia yote ya sauti, kutoka kanda hadi laka, na hiyo ni faida iliyoletwa na mashabiki wabishi.

Yako pia matoleo ya Ulaya ambayo hayakuona kanda kabisa. Haki za rekodi huko zilidumu miaka 50 kabla ya kuongezwa hadi 70, na nyongeza hiyo haikuzihusu rekodi zilizotolewa kabla ya 1963. Kwa hiyo jazz ya miaka ya 1950 inaweza kutolewa huko na yeyote, bila ruhusa ya mwenye kanda na bila kuifungua. Chanzo mara nyingi ni CD ya zamani. Santuri ni nzito, jalada linang'aa, bei ni ndogo, na hakuna jina la fundi popote. Ukikosa jina la aliyechonga, kuwa na wasiwasi.

Kanda zilizoungua, kanda zilizookolewa

Tarehe 1 Juni 2008 moto uliteketeza ghala katika eneo la Universal Studios, Hollywood, lililokuwa na kanda za muziki. Umma haukuujua ukubwa wake hadi New York Times ilipoandika mwaka 2019. Kampuni ilipinga makadirio ya gazeti hilo, lakini haikukana kwamba kanda ziliungua. Kwa albamu iliyopoteza kanda mama, kila toleo lijalo litatoka kwenye nakala.

Wakati mwingine nakala ndiyo inayookoa. Tarehe 6 Machi 1963 John Coltrane na kundi lake la wanne walirekodi katika studio ya Van Gelder. Kanda mama ikapotea. Coltrane alikuwa ameondoka na kanda ndogo ya mono kwenda kuisikilizia nyumbani, nayo ikabaki kwa familia ya mkewe wa kwanza, Naima. Mwaka 2018, miaka 55 baadaye, ikatolewa kwa jina la Both Directions at Once. Anayelaumu sauti yake kwa kukosa stirio hajaelewa alichopewa.

Kwetu sisi wasemaji wa Kiswahili kuna albamu moja inayotuhusu moja kwa moja: Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York Novemba 1960. Langston Hughes aliandika mashairi, Melba Liston akapanga muziki, na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York wakati huo, akasoma kwa Kiswahili. Serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku. Katika rekodi kama hii, swali la kanda na fundi si anasa ya wenye mitambo ya gharama. Masteringi iliyobanwa huisukuma sauti ya msomaji ndani ya ngoma. Iliyo bora hukuachia silabi zake moja moja, mtu wa Tanganyika akitamka uhuru mwaka mmoja kabla nchi yake haijaupata.

Roki nayo ina mtoto wa Zanzibar, Freddie Mercury wa kundi la Queen. Oktoba 2024 Queen walitoa upya albamu yao ya kwanza ya mwaka 1973, sasa ikiitwa Queen I. Freddie na wenzake waliirekodi katika studio ya Trident jijini London kwa saa zilizobaki baada ya wateja wanaolipa kuondoka, na hawakuwahi kuridhika na sauti ya dramu, iliyotoka kavu na fupi. Mpiga gitaa Brian May na mpiga dramu Roger Taylor wakairudisha kwenye kanda za njia nyingi, dramu zikapewa ukubwa, na wimbo Mad the Swine, ulioachwa mwaka 1973, ukarudishwa mahali ulipokuwa umepangiwa. Ni kazi ya upendo, na waliosalia wana haki ya kuikamilisha walivyoitaka. Ila kasha hilo la CD sita na santuri moja halina mchanganyo wa 1973. Mwenye kuutaka ukavu ule, pamoja na sauti ya Freddie jinsi wasikilizaji wake wa kwanza walivyoipata, atafute toleo la 2011 au la nyuma zaidi, na asome herufi ndogo kabla ya kulipa.